Meza ya Kila Miezi Mitatu

Mara ya kwanza mama alipoomba mkate wa Bwana, binti yake alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mashuka mabichi kiunoni, na hakulitilia maanani sana. Mama alikuwa kitandani tangu mwezi wa kumi na mbili, nyonga imevunjika, na baadaye figo nazo zikaanza kugoma. Mtu aliyelala muda mrefu huomba mengi: mto ugeuzwe, dirisha lifungwe, redio ipunguzwe. Binti akamjibu kwamba atamwambia mchungaji, akaenda zake uani kuanika.

Huyu binti alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Dobi, kana kwamba hakuwahi kupewa jina jingine. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, watoto wake wote wameshapata kwao. Chumba cha mbele alikigeuza mahali pa kazi. Palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili za umeme na moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme unakatika, na rafu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. Alifua mashuka ya nyumba mbili za wageni, makoti meupe ya wauza dawa, na mashati ya watu wanaopenda kola zisimame. Na mara nne kwa mwaka alifua vitambaa vya Meza ya Bwana, bila malipo, kwa sababu hakuna mwingine kanisani aliyejua kuondoa divai kwenye kitani cheupe bila kukiua.

Mara nne kwa sababu kanisa lao lilikula Meza mara nne: Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kwanza, wa nne, wa saba na wa kumi. Kabla yake kulikuwa na wiki nzima ya matayarisho. Majina yalisomwa, waliogombana waliitwa wapatane, na aliyeonekana bado hajakaa sawa aliambiwa angoje zamu nyingine. Mama hakuwahi kukosa hata zamu moja. Kwa miaka thelathini na moja ndiye aliyeoka mkate wenyewe, usio na chachu, mwembamba kama kadi, mpaka watu wakamwita Mama Mkate. Lakini zamu ya mwezi wa kwanza ilimkuta wodini anafungwa nyonga, na ya mwezi wa nne ikamkuta wodini tena kwa ajili ya figo. Alipoomba, ilikuwa katikati ya mwezi wa tano. Hakuwa amekula Meza tangu mwaka uliopita.

Dobi alikwenda ofisini kwa mchungaji, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyehamishiwa kwao mwaka mmoja nyuma. Mchungaji alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba binafsi haoni tatizo, ila ni busara shauri hilo lipelekwe kwa baraza la wazee. Baraza lilikuwa na wazee kumi na mmoja na, kama Dobi alivyozoea kusema, masikio kama manne hivi. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mstaafu. Mwalimu huyo alikuwa kaka yake Dobi, mtoto wa kwanza wa Mama Mkate.

Kwa hiyo Dobi alirudi nyumbani amepoa. Alijisemea kwamba shauri limefika kwa mtoto wa mgonjwa, kuna nini tena hapo.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kwenye karatasi, limepigwa muhuri. Baraza lilimwombea mama afya njema. Baraza lilikumbusha kwamba Meza ni ya kusanyiko, haibebwi kwenye begi kwenda nyumba hadi nyumba kama dawa ya chupa, na kwamba tangu kanisa hilo lianze, Meza ililiwa kila robo mwaka baada ya matayarisho, ili isizoeleke. Zamu ya mwezi wa saba ilikuwa karibu. Mama akipata nguvu angeletwa kwa kiti cha magurudumu. Sahihi ilikuwa ya Mwalimu, ile sahihi yake yenye mkia mrefu ambayo Dobi aliijua tangu kwenye ripoti za shule.

Hakumsomea mama ile karatasi. Alimwambia tu kwamba wanashughulikia. Hilo nalo lilimkera, kwamba karatasi ya wengine imemfanya yeye awe mwongo nyumbani kwake.

Katika wiki ya pili ya mwezi wa sita, Mwalimu alikuja kumwona mama kama alivyofanya kila Alhamisi. Alikuja na machungwa, akakaa kwenye kiti cha kichwani, akamsomea zaburi kwa sauti yake ya darasani. Dobi alikuwa chini ya dirisha anakunja foronya. Mwalimu alipomaliza kusoma, mama alimshika mkono, akamwomba yeye mwenyewe. Alimwambia kwamba hahitaji watu wengi, wala hahitaji wimbo. Kipande tu, na tone.

Mwalimu alimweleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto hesabu, kwamba zimebaki wiki tatu tu, na kwamba yeye akiwa mwenyekiti hawezi kuvunja utaratibu kwa ajili ya mama yake mzazi, watu watasema nini. Akamwomba avumilie.

"Nimevumilia njaa nyingi mimi," mama akasema. "Hii sijaizoea."

Mwalimu akarudia zile wiki tatu. Mama akautoa mkono wake.

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Miaka yote hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita mwanangu, au baba, au jina la utotoni ambalo Mwalimu hakutaka wajukuu walisikie. Mwalimu naye alilisikia neno lilivyotua, kwa maana alisimama, akayapanga upya yale machungwa mezani ingawa yalikuwa yamepangwa, akaaga. Dobi alimsindikiza mpaka getini. Alikuwa na maneno, lakini yalikuwa mengi mno na yote yalitaka kutoka kwa pamoja.

Mama alifariki Jumanne, saa kumi alasiri, siku kumi na mbili kabla ya zamu. Dobi alikuwa anapiga pasi mashuka ya wageni, mlango uko wazi kama kawaida ili asikie akiitwa. Hakuitwa. Alikwenda kumpa maji akamkuta amekwisha kuondoka, uso umeelekea dirishani. Alimfumba macho, akarudi mbele kuzima pasi, na hapo ndipo alipoliona shuka aliloliacha: limeungua mahali pa upana wa kiganja, la kahawia, linafuka moshi. Katika miaka ishirini na minane ya kazi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Alilikunja lile shuka, akalitupa chini, akalikanyaga.

Mazishini Mwalimu ndiye aliyesoma wasifu. Alisoma vizuri, watu wengi wakalia. Alipofika mahali pa kusema kwamba marehemu kwa miaka thelathini na moja alilisha kanisa mkate wa Meza ya Bwana, Dobi aliuma kona ya mtandio wake. Hakuiachia mpaka udongo ulipojaa. Shangazi aliyekaa naye alidhani ni uchungu wa kufiwa, akawa anampigapiga mgongoni. Ulikuwa uchungu, lakini si ule aliofikiria shangazi.

Siku tatu baadaye, wiki ya matayarisho ikiwa katikati, mama mtunza vyombo wa kanisa alimletea kifurushi cha vitambaa vya Meza, kama kila zamu. Alikuwa mtu mpole, alianza kwa kumpa pole upya. Dobi alikipokea kile kifurushi, akakifungua juu ya meza ya pasi, akavitazama vile vitambaa vya kitani vyenye msalaba uliotariziwa. Akamwambia mama mtunza vyombo kwamba safari hii hafui, na kwamba asihangaike kumtafuta mwingine, atavirudisha mwenyewe.

Jumamosi asubuhi baraza lilikaa kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu. Kilikuwa chumba kidogo, chenye meza ya mbao, viti vya plastiki, kabati la majoho na sinia za vikombe vidogo vya Meza zimefunikwa kwa gazeti. Wazee wote kumi na mmoja walikuwepo, na mchungaji pembeni yao. Walikuwa wanapitia majina. Dobi hakubisha hodi. Aliingia, akaweka kifurushi juu ya daftari la majina, mbele ya kaka yake.

Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba kikao kinaendelea, angoje nje kidogo, watamwita.

"Mama alingoja," Dobi akasema. "Mimi singoji."

Hakuna aliyemtoa. Alikuwa amefiwa, na mtu aliyefiwa hupewa nafasi, ingawa wengi wao walikuwa wanaangalia mlango. Dobi akawaambia alichokuja kusema. Aliwaambia kwamba mama yake ameoka mkate wao miaka thelathini na moja, na alipoomba kipande wamempa karatasi yenye muhuri. Aliwaambia anataka kujua ni nani, katika Maandiko yote wanayoyasoma, aliyesema kila miezi mitatu. Kama ipo, wamwonyeshe, atavichukua vitambaa na kuvifua sasa hivi, na magoti atapiga.

Mzee mmoja muuza mbao, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alijaribu. Alikiri kwamba miezi mitatu haikuandikwa popote. Alisema kwamba hata hivyo wale wa mwanzo hawakuwa kama sisi, wao waliumega mkate nyumba kwa nyumba kwa sababu mioyo yao ilikuwa inawaka. Watu wa leo ukiwapa kila wiki wataizoea. Watakula kama wanavyokunywa chai.

Dobi alimgeukia.

"Sala mbona tunasali kila siku, mzee, na hamjaogopa tutaizoea? Kapu la sadaka je? Linapita kila Jumapili, na wakati wa ujenzi lilipita mara mbili. Hilo halizoeleki?"

Mzee mmoja wa upande wa dirishani alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Muuza mbao aliangalia mikono yake. Dobi aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. Alisema kitu kinachoogopwa kuzoeleka ni cha kifahari, kama seti ya vikombe vya wageni kabatini. Chakula hakiogopwi kuzoeleka. Chakula ukikificha kwa miezi mitatu, watu watakufa, na mmoja amekwisha kufa.

"Dada," Mwalimu akasema. "Inatosha."

"Haijatosha."

Mwalimu alivua miwani, akaiweka juu ya kile kifurushi. Dobi alitegemea amjibu kwa kanuni, namba ya kanuni na mwaka ilipopitishwa, kwa maana ndivyo alivyokuwa. Lakini alipoanza kusema, sauti yake ya darasani haikuwepo.

"Wewe ulikuwa mdogo," alisema. "Kanisa letu la zamani lilikula kila Jumapili. Kila Jumapili, sivyo? Baba alikuwa wa kwanza kusimama. Nilikuwa nakaa nyuma yake, namwona anafungua mdomo. Na Jumapili jioni alikuwa anampiga mama. Si Ijumaa, si Jumamosi. Jumapili, mkate bado uko tumboni. Miaka mingapi ile? Nilijiapia kwamba nikipata kauli kanisani, hakuna mtu atakayeigeuza Meza kuwa kifungua kinywa. Atakayekula atajichunguza kwanza, atajulikana, na atasubiri. Hiyo ndiyo sababu yangu, na sioni aibu nayo."

Upepo wa dirishani ukapeperusha gazeti lililofunika sinia. Jambo hilo halikuwahi kusemwa kwenye familia yao, wala baba alipozikwa. Walilijua wote wawili, kila mmoja peke yake, kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kama Dobi angekuwa na hasira ndogo, hapo ingeisha. Lakini yake ndiyo kwanza ilipata pa kushika.

"Wewe ulikuwa unamwangalia baba," alisema. "Mimi nilikuwa upande wa mama. Unajua mama alikuwa anafanya nini Jumatatu? Anafua. Mkono mmoja umevimba, anafua kwa mwingine, mimi namkamulia. Siku moja nilimuuliza kwa nini anakwenda kula meza moja na yule mtu. Akaniambia pale ndipo mahali pekee kwa wiki nzima ambapo anapewa kitu na hakuna anayemnyang'anya. Akaniambia kama angengoja miezi mitatu, asingefika. Baba alikula na hakikumfaa kitu, ni kweli, hilo ni lake na Mungu wake. Mama alikula na ndicho kilichomvusha mpaka tukakua, mimi na wewe. Halafu wewe, kwa ajili ya kumkomoa baba aliyekwisha kuoza, umemnyima mama."

Mwalimu aliangalia ile miwani juu ya kifurushi.

Mchungaji ndiye aliyesema. Alikuwa ameegemea kabati la majoho muda wote. Labda aliona aibu kunyamaza zaidi, labda alitaka kumpunguzia mzee wake mzigo. Alisema kwamba naye ana lake la kukiri. Jumapili ya pili ya mwezi wa sita, baada ya ibada, aliweka mkate na chupa ndogo ya divai kwenye begi, akaenda mpaka kwa Mama Mkate. Alifika getini. Alisimama pale kwa muda, akarudi.

Dobi alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Ulirudi kwa nini?"

"Niliogopa kikao hiki, mama."

"Kutoka getini mpaka kitandani kwa mama ni hatua kumi na mbili," Dobi akasema. "Nazipita na ndoo kutwa mara ishirini. Kaka yangu alikosea na alijua anachokiamini. Wewe ulijua lililo sawa ukalibeba kwenye begi ukarudi nalo nyumbani. Usinipe pole tena. Ukiniona barabarani usinipe pole."

Akatoka. Kifurushi akakiacha pale pale juu ya daftari, na miwani ya kaka yake juu yake.

Kesho yake kanisa lilikula Meza juu ya mbao tupu. Dobi hakwenda, lakini alisimuliwa na wateja zaidi ya watatu, kila mmoja akiongeza chumvi yake: meza imejaa alama za vikombe vya zamani na mistari ya wino, watoto wananong'ona, na Mwalimu amekaa benchi la mwisho, hakugawa wala hakula. Habari za kikao zilikuwa zimevuja. Wazee waliopita dukani kwake kuchukua mashati walimsalimia kwa adabu iliyozidi kipimo. Wanawake wa umoja wa akina mama walianza kuulizana hadharani ni nani mwingine aliyelala ndani. Wakapatikana saba. Mmoja, fundi umeme wa zamani aliyepooza upande mmoja, alikuwa hajala Meza kwa miaka minne, na hakuna aliyeliona hilo.

Baraza lilikaa tena mara mbili, na mara zote mbili mchungaji ndiye aliyeleta hoja, wakati huu bila kuegemea kabati. Kuna waliotaka kila Jumapili, kuna waliotaka ibaki kama ilivyo. Mwishowe walipiga kura: Meza iwe kila mwezi, na wagonjwa wapelekewe majumbani wiki hiyo hiyo, bila kungoja idhini ya kikao. Sita walikubali, wanne walikataa. Mwalimu hakuinua mkono kokote. Baada ya kura aliomba kupumzika uenyekiti, wakamkubalia.

Mtu angedhani Dobi alifurahi. Alipoletewa habari alisema tu vizuri, akauliza kama yule fundi umeme ameshapelekewa. Mama yake alikuwa bado amekufa, na hakuna kura iliyoweza kurudisha nyuma siku kumi na mbili.

Mwezi wa nane alikwenda kanisani. Vitambaa alikuwa amevifua, kwa sababu mama mtunza vyombo alimwomba kwa jina la marehemu na hakuweza kumkatalia. Alikaa benchi lake la siku zote. Kaka yake alikuwa mabenchi manne mbele, na Dobi alikiona kisogo chake, mvi zimekatwa sawasawa. Sinia ilipofika, aliipokea, akampa jirani yake. Hakula. Jirani alimtupia jicho. Yeye aliyepigania Meza ije kila mwezi, mwezi wa kwanza tu ameikataa! Dobi alijua itasemwa, na ilisemwa. Lakini angewezaje kula? Kila alipokiona kile kisogo, ile sahihi yenye mkia ilimjia, na mkono wa mama ukijitoa kwenye mkono wa mwanawe. Aliona kwamba akila atakuwa anaapa uongo mbele za watu.

Mwezi wa tisa akafanya vivyo hivyo. Na hapo ndipo alipoanza kukasirikia kitu kingine. Zamani, mtu akikosana na mwenzake baada ya zamu, alikuwa na miezi mitatu ya kununa kwa raha zake. Hasira ilipata muda wa kukaa, ikatandika, ikazoea nyumba. Sasa alikuwa hajamaliza hata kupanga maneno atakayomwambia kaka yake, na Meza hii hapa tena, inamuuliza. Alijikuta Jumatano akiwa anapiga pasi makoti ya wauza dawa, anahesabu Jumapili zilizobaki, na kuzihesabu kulimuudhi, kwa maana ni yeye aliyezileta karibu hivyo.

Mwishoni mwa mwezi huo Mwalimu alikuja dukani. Hakuwa na nguo za kufua. Alikaa kwenye kiti cha wateja, Dobi akaendelea na kazi yake, ananyunyiza maji kwenye shuka, anapitisha pasi. Mwalimu alimweleza kwamba tangu mwezi uliopita anafuatana na mchungaji kwa wagonjwa. Yeye hubeba begi. Nyumbani kwa yule fundi umeme, mchungaji alimwomba yeye ndiye ampe mgonjwa kikombe, kwa sababu mgonjwa alikuwa amelala upande wa ukutani na nafasi ilikuwa ndogo. Kikombe kikainama mno, akamwagia mgonjwa divai kidevuni. Fundi umeme akailamba yote, akacheka, akasema amengoja miaka minne hawezi kuacha hata tone.

"Nilimwona mama pale," Mwalimu akasema.

"Sikukuuliza."

Pasi ikaenda, ikarudi. Mwalimu alikaa na mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Akasema kwamba alikosea. Hakuongeza kwamba alikuwa na sababu. Dobi alingoja aiongeze, ile sababu ya baba, aliitaka hata, ili ampasulie. Hakuiongeza.

"Ndiyo," Dobi akasema. "Ulikosea."

Hakumwambia yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. Mwalimu alikaa kidogo zaidi. Kisha alishika pembe mbili za lile shuka, kama walivyofanya utotoni uani kwa mama yao, naye Dobi akashika pembe zake, wakalikunja. Wakakunja la pili, na la tatu. La nne Dobi akamwambia aache, analikunja vibaya. Mwalimu akaaga, akaondoka.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi, waumini walikuwa wengi. Mchungaji alisimama mbele, akasema maneno machache tu, kwamba hapa hawaitwi watu waliomaliza kujirekebisha, wanaitwa wenye njaa, na mwezi ujao wataitwa tena kwa sababu njaa hurudi. Dobi alimsikiliza huku amekunja mikono. Hajawahi kuipokea pole yake hadi leo. Lakini hilo alilolisema aliona halina kasoro.

Upande wake wa kanisa alipungua mgawaji, mmoja wa wazee aliugua asubuhi hiyo. Dobi aliona kaka yake ameitwa kwa ishara, anasita, anasimama, anapokea sinia. Alikuja benchi kwa benchi, polepole, mkono mmoja umeshika sinia kwa chini isiyumbe. Alipofika kwa dada yake hakumwangalia usoni. Aliinamisha sinia tu, akangoja, na ilionekana wazi kwamba angengoja hapo hata kama dada yake angekataa.

Dobi aliutazama ule mkono. Alikuwa na hasira bado. Aliitafuta njia ya kuiondoa kwanza ndipo ale, hakuiona. Akachukua kipande akiwa nayo vilevile.

"Sijamaliza na wewe," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Najua," kaka yake akasema. "Mwezi ujao ipo tena."

Dobi akaweka mkate mdomoni, na Mwalimu akahamia benchi linalofuata.